Maame Birago na Uso wa Marehemu

Nilimwona Maame Birago kwa mara ya kwanza Alhamisi moja, pale Adum mjini Kumasi, nikiwa nimebeba kompyuta, skrini na bango la marehemu aliyekonda.

Marehemu Agyei Twum hakuwahi kukonda. Alinunua kakao miaka thelathini, na kwao alikuwa na kiti chake peke yake kwa sababu vingine vilivunjika. Mimi natengeneza mabango ya matanga. Asubuhi hiyo mkuu wa ukoo wake, Nana Sarpong, alinirudishia bango akaniuliza kwa sauti ya chini aliyemnyima mzee chakula ni nani, familia au mimi. Matanga yalikuwa Jumamosi. Alisema nisipoleta uso wa kweli kufikia kesho yake jioni, hakuna ukoo mjini utakaonipa kazi tena.

Maame Birago aliuza skrini zilizokwisha kutumika. Kabla ya hapo alishona nguo Bantama miaka ishirini, na tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni.

“Washa,” alisema. “Tuone.”

Kwenye skrini, mzee Agyei alikuwa amenona vizuri. Maame Birago alitazama skrini, akatazama bango.

“Hawa ni ndugu?”

“Ni mtu mmoja, Maame.”

“Ulimbana?”

“Picha ilipofunguka alikuwa mpana mno. Nikambana mpaka akafanana.”

“Chora duara. Iache mashine ichore, wewe usiguse.”

Nikachora. Akavua tepu, akapima. Upana inchi saba, kimo inchi tano.

“Kaka, hili ni yai. Nani alikuuzia hii skrini?”

Nilikuwa nimeichagua mwenyewe, kwa ukubwa.

Alifungua orodha ya vipimo ndani ya kompyuta, akashuka nayo mpaka chini, akapanda tena.

“Sikiliza. Skrini yako ina nukta elfu moja mia tisa ishirini kwa upana, elfu moja themanini kwa kimo. Kumi na sita kwa tisa. Kompyuta yako ni ya zamani, mwisho wake elfu moja mia mbili themanini kwa elfu moja ishirini na nne. Tano kwa nne, karibu na mraba. Nguo ya mtu mfupi umemvalisha mnene, ikavutika. Wewe ukaona mtu amenenepa, ukampunguza. Kwenye karatasi hakuna kuvutika, kwa hiyo akatoka hivi.”

“Nifanyeje?”

Akatoa chini ya meza skrini ya inchi kumi na tisa, ya tano kwa nne, nene, yenye mkwaruzo pembeni. Kwabena Duodu, muuza chaja wa meza ya pili, akacheka.

“Maame! Mteja kaja na kubwa unamrudisha na ndogo? Mwuzie ile ya inchi ishirini na saba, bwana!”

“Ile ina nukta zilezile za hii yake, zimetawanywa tu kama mbegu za mvivu. Wewe uza chaja zako, zinazolipuka zimebaki ngapi?”

Kwabena akarudi kwenye chaja zake.

Aliunganisha ile ndogo. Duara likawa duara, tano kwa tano. Nikafungua picha upya bila kuibana, na mzee Agyei akatokea na mashavu yake yote mawili. Tukabadilishana skrini kwa skrini. Alikataa nyongeza, akasema yangu ni kubwa, atampata mwingine wa kuipenda.

Ijumaa mchana nilipeleka bango jipya. Nana Sarpong alilitazama muda mrefu, kisha akaagiza lisimamishwe mlangoni.

Jumamosi, nilipokuwa nyuma ya viti, nilimwona Maame Birago akiingia amejifunga kitambaa cheusi cha msiba. Aliwapa wafiwa mkono, akaja kusimama mbele ya bango, mikono mgongoni. Nikamsogelea. Mwezi uliofuata alihamia Techiman kwa binti yake, na namba yake sikuiomba, kwa hiyo haya ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya mwisho. Nilimuuliza kama alimfahamu marehemu.

“Hapana,” alisema. “Lakini sasa nikikutana naye njiani nitamtambua.”