Mrushie Mtu

Siku yangu ya kwanza melini, bandari ya Kigoma, serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, alinipa kamba akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia la pili.

"Basi kamba haina herufi. Rusha."

Nikarusha, ikaangukia majini. Mabaharia wakacheka, Waha wenzangu ndio zaidi.

Nyie vijana mnaona meli imefungwa gatini mnadhani ilijifunga. Kwanza hurushwa kamba nyembamba yenye fundo zito mwishoni. Wa upande wa pili akiidaka, huvuta kwayo kamba nene. Ukikosa, unatukanwa mbele ya abiria.

Aliyenifanya mrushaji ni Mjapani, fundi mkuu aliyeletwa kutengeneza injini yetu. Tulimwita Mzee Bega. Kwao alikuwa mchezaji wa besiboli wa kulipwa. Kazi yake kurusha mpira tu: mmoja anajaribu kuupiga kwa rungu, mwingine amechutama nyuma yake audake. Alirusha tangu utoto, akalipwa, akashangiliwa, mpaka bega likagoma. Ndipo akashika spana, na wala hakununa.

"Kurusha ni miguu," aliniambia. "Tena wewe unalirushia gati. Gati lina mikono? Mrushie mtu."

Kila jioni alikaa juu ya pipa gatini, namrushia kifuani, ananicheka, narudia.

Miaka ya wakimbizi tukapelekwa Kagunga, kule mpakani, kuwachukua. Kule hakuna gati, watu waliletwa melini kwa maboti. Siku moja boti lililojaa kina mama na watoto likazimika injini, upepo ukawa unalisukuma kwenye miamba.

"Wewe wa la pili," serahangi akasema, "ukikosa hii hatuna nyingine."

Mle botini kila mkono ulikuwa juu. Nikatafuta mtu. Nikamwona mama wa kitenge cha njano, ametulia, macho kwangu.

"Mama, fata!" Kwa Kiha ni kusema shika, na kwa lugha yao vilevile.

Nikakaza miguu, nikarusha. Akaidaka kifuani. Tukawavuta wote, hakupotea hata mmoja.

Serahangi akaishika ile kamba. "Leo haikulowa," akasema. Kwake hiyo ilikuwa nishani.

Nilistaafu nikiwa serahangi mwenyewe, na bega zima. Yule mama alibaki huku, anauza machungwa sokoni Ujiji. Nikipita, salamu yake ni "Mzee, fata!" na chungwa linakuja. Juzi likanipita, soko zima likacheka. Nikamwambia mkono wake umechoka.

"Mkono? Si wewe kila siku unatuambia kurusha ni miguu?"

Nikaliokota, nikarudi nyuma mpaka kwa wauza dagaa, nikamrushia. Akalidaka kifuani, palepale.