Ibada Juu ya Pamba

Nilipomaliza chuo cha Biblia nilipangiwa kanisa dogo upande wa Nkololo, na kanisa lenyewe halikuwa na jengo. Tulisali kwenye ghala la ushirika. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameruhusiwa, ushirika umedhoofika, na lile ghala la bati likabaki la popo. Wazee wa kanisa wakaomba ufunguo kijijini, wakafagia, wakaweka meza mbele, nami nikakabidhiwa kundi. Nilikuwa na tai moja nyekundu na matumaini ya kutosha wilaya nzima.

Mke wangu ndiye aliyekuwa mwenyeji wa pale. Mimi nimezaliwa Nyalikungu, Maswa mjini, kwa hiyo alinichukulia kama mtu aliyelelewa kwenye lami, ingawa Maswa ya wakati ule lami tuliisikia tu. Kisukuma changu, alisema, ni kama chakula cha mgonjwa, hakina chumvi.

Msimu wa pili ukamleta shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, akiwa wakala wa kampuni moja ya kununua pamba. Serikali ya kijiji ikampa ghala. Alikuja nyumbani kunieleza mwenyewe, kwa heshima zote.

"Shemeji, usihangaike," alisema. "Mungu na pamba wanaweza kukaa nyumba moja."

Jumapili za kwanza walikaa kweli. Pamba ilimwagwa upande mmoja, na kwa kuwa mabenchi yetu yalikuwa magogo, waumini waliihamia. Wale waliokuwa wakinisikiliza kwa taabu juu ya magogo sasa walilala kwa amani. Nilihubiri juu ya kukesha, nikaitikiwa kwa mikoromo. Kiongozi wa kwaya alizama hadi kiunoni akiwa katikati ya ubeti, akaendelea kuimba hivyo hivyo. Mzee wa kanisa nilipomwita afunge kwa sala, alisimama pamba zimemganda mgongoni na kichwani.

"Leo kondoo wako wamekuja na manyoya yao kabisa," mke wangu aliniambia tukirudi nyumbani.

Pamba ikaongezeka hadi ikafika mezani kwangu. Kisha shemeji akaanza kupima hata Jumapili, na siku moja akatuomba tutoke. "Mahubiri yakinyeshewa hayaozi," alisema. "Pamba inaoza." Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kulalamika. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanipa karanga. Kingine hakunipa.

Tukawa tunasali nje, ubavuni mwa ghala, palipo na kivuli. Kivuli kile kilitembea, nasi tukitembea nacho, hata mahubiri yaliyoanzia kona ya mbele yakamalizikia karibu na choo. Upande wa pili foleni ya mzani ilikuwa ndefu, na baadhi ya waliokuwa kwenye foleni walikuwa waumini wangu, wakinipungia mkono. Mzee mmoja wa kanisa akaanza kusema kwamba mwinjilisti huyu hana upako, angekuwa nao ghala lisingechukuliwa. Maneno yale yalinichoma kuliko jua. Nikaandaa mahubiri makali juu ya wanunuzi, nikayatoa kwa sauti ya juu nikielekea mlango wa ghala. Shemeji alisimama pale akisikiliza, akitikisa kichwa kwa kukubali.

"Umesema vizuri, shemeji," aliniambia baadaye. "Ila punguza sauti kidogo, nakosea kusoma mzani."

Jumapili moja nilihubiria watu wawili, mke wangu na bibi mmoja asiyesikia. Nilipofika nyumbani nilivua tai nikaitupa kitandani.

"Nitaomba nihamishwe," nilisema.

"Nenda," mke wangu alijibu akisonga ugali. "Mimi nina mpunga majarubani. Ukifika Nyalikungu utusalimie."

"Nazungumza jambo zito."

"Nimesikia. Umekula?"

"Sina njaa. Afadhali hata nife."

Akaweka ugali na mlenda mbele yangu, akakaa. Uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Yule nabii aliyejilaza chini ya mti akamwambia Mungu imetosha, achukue roho yake, si wewe mwenyewe ulitufundisha habari zake?"

"Ndiyo."

"Malaika alimletea nini?"

"Mkate. Na maji."

"Mahubiri alimletea?"

"Hapana."

"Basi kula, ulale. Habari za kuhama tutazungumza ukiwa umeshiba."

Nilikula, nikalala mchana ule mpaka mbuzi waliporudi. Nilipoamka shemeji bado alikuwa na ghala, nami bado sikuwa na kanisa, lakini jambo lile lilikuwa limepungua ukubwa. Nimesoma vitabu vingi vya kumtia moyo kiongozi tangu siku ile. Hakuna kilichonifaa kama ule mlenda.

Lori la kuchukua pamba lilichelewa, likaja mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza. Siku lilipoondoka ilikuwa Jumapili, nasi tuko ubavuni mwa ghala tukiimba. Halikufika mbali. Kwenye bonde la chini ya kijiji udongo mweusi ukalishika, magurudumu yakazama, na shehena yote ikainamia upande. Mawingu yalikuwa yanajaa upya. Shemeji alipanda mlima akihema, akaomba watu wa kusukuma. Watu wakamtazama kama wanavyotazama mbuzi wa jirani aliyejifunga kamba. Waliopimiwa kwa mzani wake walikuwa na sababu zao, na waliofukuzwa ghalani walikuwa na za kwao.

Yule mzee wa kanisa akaninong'oneza, "Mwinjilisti, Mungu amekujibu."

Mara ya kwanza ananiona nina upako. Neno lile lilikuwa tamu, na sikulitema haraka.

Mke wangu alikuwa tayari anajifunga kanga kiunoni. "Kaka yangu ana kichwa kigumu," alisema, "lakini ni kaka yangu." Akashuka bondeni peke yake. Kiongozi gani hubaki akiimba wakati mkewe anasukuma lori? Nilivua viatu nikamfuata. Tai niliisahau shingoni.

Tulisukuma watatu, na lori likakaa kama lilivyo. Ng'ambo ya bonde palikuwa na mzee mfugaji, mtu wa mizimu ya babu zake, ambaye kanisani kwangu hakuwahi kukanyaga. Aliponiona na tai nyekundu nikiwa kwenye matope hadi magotini, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda zizini, akarudi na maksai wake na mnyororo. Vijana waliposikia vicheko wakaja kuona, na aliyekuja kuona akajikuta anasukuma. Hata mzee wa kanisa alikuja, akashika sehemu safi. Lori likatoka kabla ya mvua.

"Wabeja, shemeji," shemeji alisema, yaani asante. Sura yake ilionyesha kwamba neno hilo moja lilimgharimu.

Hakuokoka siku ile, na ibada haikujaa ghafla. Lakini alitupa turubai la kampuni tujikinge nalo, na msimu uliofuata hakupima pamba Jumapili asubuhi. Tukaanza kufyatua matofali ya kanisa letu. Yule mfugaji akaleta maksai wake wakanyage udongo, huku mzee wa kanisa akituambia kila siku kwamba mlango tumeuelekeza vibaya. Nilimpa kazi ya kuusimamia mlango.

Siku tulipoingia kanisa jipya, mfugaji alisimama nje dirishani hadi mwisho, kisha akaniita.

"Mbona unapoongea na Mungu unafumba macho, na watu wako wako mbele yako? Mimi nikiwafumbia macho ng'ombe wangu, wanapotea."

Jumapili iliyofuata niliomba macho wazi. Nikawaona wote, hata wale niliokuwa nawaita wapinzani, wamekunja nyuso, midomo ikitetemeka, kila mmoja akimweleza Mungu mzigo ambao sikuwahi kumuuliza. Nikaacha maneno ya sala, nikawa nawatazama mmoja mmoja.

Mke wangu, aliyekuwa kando yangu, alinifinya. "Fumba," alininong'oneza. "Watadhani unawahesabu."