Ukucha Usio na Hina

Nilikuwa nimemkasirikia mama mkwe wangu. Bi Mwanasha alishikilia kwamba siwezi kwenda harusini kwa wifi yangu na mikono isiyo na hina kama mwanamume, nami nilikuwa na kofia ya mtu ya kumaliza. Mimi ni mshona kofia, na hina ikiwa mbichi sindano haishikiki. Lakini Bi Mwanasha ukimkatalia atakununia mpaka umwombe radhi. Nikakaa ukumbini kwake, pale Mtongwe, akanichora maua hadi kwenye kifundo cha mkono, viganja akavijaza, ncha za vidole akazichovya zote, kucha na nyama. Asubuhi yake hina ilikuwa imeiva, nyekundu karibu na weusi. Tukatoka kwenda kununua udi, hasira zimekwisha, akinitania kwamba sasa nimekuwa mke wa mtu.

Siku hizo palikuwa na minong'ono kwamba watu wa bara watafukuzwa Likoni. Tulidhani ni maneno ya vijiweni. Kumbe! Vijana wenye mapanga na bunduki walitokea vichochoroni, watu wakakimbia ovyo, panga likarushwa kwa mtu aliyekuwa mbele yangu. Nikainua mkono wa kulia kujikinga.

Sikusikia maumivu. Niliona damu tu.

Bi Mwanasha alinifunga leso kwenye kifundo, akaikaza kwa nguvu zake zote, tukajitupa ndani ya zahanati. Tabibu alikuwa peke yake. Aliitwa Wafula, naye ni mtu wa bara. Wenzake walishakimbilia kivukoni. Akatia komeo, akafunga madirisha ya mbao, akafungua leso na kugandamiza kidonda kwa pamba. Nje watu walipita wakigonga milango.

Damu ilipopungua akaanza kuupima mkono, sauti chini. Nikunje kidole kimoja kimoja, vingine amevishikilia. Vilikunjika, kano zilikuwa salama. Kisha akaniambia nifumbe macho, akavichoma vidole kwa sindano. Cha mwisho kilisikia. Nikangoja gumba na cha shahada, nikamwuliza mbona haanzi. Alikuwa ameshavichoma mara kadhaa.

"Neva imekatika, dada," akasema. "Hiyo inaweza kungoja. Damu haingoji."

Akatueleza. Vidole vyangu vilikuwa baridi. Kama damu haifiki, lazima tutoke saa hiyo hiyo, tuvuke kwenda hospitali kubwa, lolote na litupate, la sivyo mkono utakufa. Kama inafika, tukae mpaka patulie. Njia ya kujua ni kubonyeza ukucha: unakuwa mweupe, ukiuachia unarudi wekundu wake. Alibonyeza wa kwanza, akabonyeza wa pili. Hina tupu. Akageuza kiganja, nacho ni hina tupu.

Bi Mwanasha akaanza kulia bila sauti.

Wafula akachukua wembe, akaukwangua ukucha wa kidole cha shahada taratibu, mpaka rangi yake ikaanza kutokea. Lakini gizani hakuona kitu. Akalitazama dirisha.

"Watakuona, mwanangu," Bi Mwanasha akamwambia.

"Bila mwanga sijui, mama."

Akalisukuma kidogo. Akabonyeza. Ukawa mweupe. Akauachia.

"Inarudi," akasema, na uso wake ukafunguka. "Tunakaa."

Nje mtu akaita mwenzake.

Komeo halikuhimili. Bi Mwanasha alimng'ang'ania Wafula koti, akiapa wallahi huyu ni mwanawe wa kumzaa. Walimsukuma akaanguka, wakamtoa Wafula. Hawakwenda naye mbali. Tulisikia yote.

Kivuko kilipofunguliwa, jeneza lake lilipelekwa kwao, nami nikapelekwa hospitali. Mkono ulipona. Neva ilishonwa, lakini gumba na cha shahada havikurudi kusikia sawasawa. Kofia nashona kwa macho, polepole, na mara nyingine najua nimejichoma nikiona doa kwenye kitambaa cheupe. Nikiuacha mkono huu siku nzima bila kazi najiona mwizi.

Ule ukucha ulikua pamoja na alama ya wembe, ikapanda hadi nchani. Siku ya kuukata nilikaa na mkasi mkononi, nikalia sana.

Bi Mwanasha sasa ni mkongwe, mkono wamtetemeka, lakini kukiwa na harusi hina yangu hamwachii mtu. Hunichovya vidole tisa. Sijawahi kumwambia akiache kile cha shahada, wala yeye hajawahi kuniuliza.