Kiwanja Kilichonuka Sangara

Hii hamtaiamini, na wala sitabembeleza mtu. Shemeji yangu Maige aliujua udongo kwa ulimi.

Miaka kumi na tisa aliendesha greda la serikali kutoka Mwanza kuzunguka ziwa. Kabla hajakubali kifusi, alionja, akatema mate kiganjani, akausokota udongo uwe kamba. Ikikatika upesi, mchanga mtupu. Ikinyooka kama uzi, mfinyanzi, mvua ikinyesha utateleza hadi kwa mkweo. Yeye alitaka ya katikati: moramu, ule udongo mwekundu wa barabara.

Mwaka tisini na nne walimpunguza kazini. Akarudi kijijini kwa ng'ombe wake na mkewe Paskazia, dada yangu, ambaye mtoto wa jicho alishamziba macho yote mawili. Ugali aliutafuta kwa kupapasa. Misheni ikaahidi daktari wa macho kwa ndege ndogo, mradi kijiji kiwe na kiwanja.

Tenda akapewa Bwana Kahigwa, mtu wa suruali iliyonyooshwa. Moramu ilikuwa kilimani, kilomita tisa. Mchanga wa mwaloni, wavuvi wanapopasulia samaki, ulikuwa wa bure. Akamwaga huo.

Maige akaonja. Akatema. Akasukutua, akatema tena.

"Bwana Kahigwa, huu una matumbo ya sangara."

"Mzee wangu, siku hizi soko huria. Kizuri ni kile cha bei nafuu."

"Nafuu kwa nani? Mimi nimeonja mchanga. Wewe umeonja hela ya moramu."

Kahigwa akacheka, akachukua malipo yake, akaondoka. Jua likawaka, uvundo ukapanda hadi kanisani, nzi wakaingia mpaka kwenye uji. Siku ya ndege, korongo wale wenye vipara walikuwa wamejipanga uwanjani kama kamati, wakidonoa. Rubani akazunguka mara tatu, akageuza.

"Mbona mlio unakwenda mbali?" Paskazia akauliza.

 Maige akameza mate, yakawa na ladha ya ule mchanga.

Jioni redio ya misheni ikasema: ndege itarudi baada ya wiki mbili, mara ya mwisho.

Kesho yake akaanza kukwangua kwa jembe, kitambaa puani, akitapika na kuendelea. Watu waliona haya, wakaja. Uchafu ukafukiwa, mikokoteni ikaleta moramu, wakainyunyizia maji. Mashine ya kushindilia hakuwa nayo, basi Maige akaswaga ng'ombe, kwenda na kurudi, siku nne, mpaka kwato zikaacha kuzama.

Ndege ikatua. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu ya benki, kwa sababu ng'ombe mia tisa walikuwa wameikanyaga, na mimi mbele yao nikiongoza bila kula wala…

"Ameandika wangapi?" anauliza Maige.

Paskazia ameinamia karatasi yangu. Anasoma bila miwani. "Mia tisa. Na yeye mbele."

"Thelathini na wanne, shemeji, wawili wa kuazima. Na wewe siku zote nne ulikuwa Mabatini, kule mjini Mwanza, unakula na kunywa."