Baba yangu kesho anakwenda kuapa kwamba anamjua mume wangu

Admin, nifichie jina vizuri, maana mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, nina mtoto mmoja wa kike, naishi Gitega. Kwetu ni Muyinga, familia ya Kiislamu, baba yangu ni fundi cherehani. Mume wangu anauza vitenge sokoni. Hanipigi, haninyimi chakula, na bado siku hizi namchungulia kama mwizi wa kuku.

Mume wangu hana karangamuntu. Tulipooana aliniambia kitambulisho chake kilipotea wakati anarudi kutoka ukimbizini Tanzania, anashughulikia kingine. Mpaka leo anashughulikia. Kila tukienda Muyinga kwa wazazi, tukikaribia kizuizi cha polisi anamchukua mtoto kwangu, anamkumbatia, anambembeleza hata kama amelala. Polisi wakiona baba na kichanga wanampita, wanaomba karangamuntu yangu na za abiria wengine. Mwanzoni nilijivunia, nikasema nimepata mwanamume anayependa mwanawe. Kisha nikagundua kwamba tukishapita kizuizi, mtoto anarudishwa kwangu, na nyumbani hata akilia hamnyanyui. Tangu hapo kila afanyalo naligeuza mara mbili.

Sasa msako umezidi. Juzi Wakongomani wanaouza karibu naye walichukuliwa sokoni kwa kukosa vitambulisho. Siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, akasema tumbo linamuuma. Kule sokoni watu wanabishana: wengine wanasema aulizwe mgeni tu, mwananchi anajulikana kwa uso, wengine wanasema kila mtu atembee na kitambulisho. Mimi uso wa mwananchi siujui ukoje. Nalala na mmoja na bado najiuliza.

Asiye na karatasi yoyote, komine, ofisi ya serikali inayotoa vitambulisho, inataka mtu mzima aje aape kwamba anamjua na aliwajua wazazi wake. Mume wangu amemwomba baba yangu. Baba amekubali kwa machozi, kwa sababu anaamini huyu ni mtoto wa Ramadhani, rafiki yake wa tangu utotoni, aliyekimbia vita na mkewe na kichanga cha kiume, wasionekane tena.

Jamani, habari za Ramadhani nilimpa mimi! Tulipokuwa wachumba nilimsimulia jinsi baba anavyomwombea rafiki yake kila Ijumaa. Wakati huo alikuwa ameniambia kwao ni upande wa Makebuko, huko Gitega, si Muyinga. Akaniuliza huyo rafiki wa baba alifanya kazi gani, mkewe aliitwa nani. Nikajibu yote, domo langu hili. Alipokuja kuposa, baba akamuuliza ni mtoto wa nani, akasema ni wa Ramadhani fundi viatu. Baba alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka, mahari hakuitaja tena. Nilipomuuliza habari ya Makebuko, alisema alikuwa bado hajaniamini. Nami nilikuwa nimependa, nikameza.

Wiki hii nilimuuliza tena, tukiwa wawili jikoni. Nikamwambia anijibu wazi, ni mtoto wa Ramadhani au siye. Akasema, "Mama Sumaya, mi nilikomelea kwa kambi, nikakuwa mukubwa kule kule, sina baba, sina mama. Nani atasema mi si mtoto yake? We unajua?"

Nikamwambia baba ataapa kwa jina la Mungu.

"Mzee iko na furaha," akasema. "Kama we unataka kumunyanganya hiyo furaha, enda umwambie."

Hakukubali, hakukataa. Najiuliza kama alinioa mimi au aliuoa ulimi wa baba yangu. Nikisema, baba atamzika rafiki yake mara ya pili, mume wangu atachukuliwa kama wale Wakongomani, na mwanangu ataulizwa baba yake ni wa wapi. Nikinyamaza, mzee ambaye hajawahi kuapa hata kwa kuuza kanzu ataapa uongo, na ukijulikana atafungwa uzeeni. Na kinachonitesa zaidi, huenda ni kweli. Kile kichanga kilikwenda mahali fulani.

Leo tuko Muyinga. Baba ameniomba ninyooshe kanzu yake ya Idi, wanakwenda komine asubuhi. Hapa ninapoandika wako wote wawili barazani, baba anamwonyesha kwa kidole palipokuwa nyumba ya Ramadhani. Mume wangu anapatazama na analia, nami nimesimama dirishani sijui analilia nini. Nishaurini ndugu zangu, niende pale barazani niseme, au niiwashe pasi?