Chupa ya Mafuta ya Nyonyo

Msusi wangu hapa Iyunga alipofungua chupa ya mafuta ya nyonyo, harufu yake nzito ilinijaa puani. Nikajiona tena mtoto, jikoni kwetu kando ya misheni, kule Iringa. Nilikuwa sipati choo, kwa hiyo shangazi alinibana mikono, mama akanishika pua, kijiko cha mafuta hayo kikagonga meno. Nililia hadi pumzi ikaniishia.

Ndipo akaingia sista mzee kutoka Italia, aliyekuja kununua mayai. Alipoiona ile chupa, uso ukamsawijika, kikapu kikamponyoka.

"Mwacheni! Msimnyweshe kwa nguvu!"

Sikuwahi kumwona mtu mzima akitetemeka vile. Nikaogopa kuliko nilivyokiogopa kijiko. Mama alimkalisha kwenye kigoda, naye akasimulia kwa sauti ndogo. Alipokuwa mtoto kama mimi, wanaume wenye mashati meusi, watu wa mtawala mpya wa nchi yao, waliingia kwao mchana kweupe. Wakamlaza baba yake sakafuni, wakammiminia mdomoni chupa nzima ya mafuta hayo hayo, majirani wakitazama.

"Alikosa nini, Sista?" nikauliza.

"Alimwambia rafiki yake, dukani, kwamba mtawala anadanganya watu."

"Akapona?"

"Alipona, mwanangu. Ila tangu siku ile nyumbani kwetu tulinong'ona, hata tukisali."

Mama aliinuka akafunga mlango, kisha dirisha, ingawa nje palikuwa na kuku tu.