Kidole Changu na Mlima wa Cucu

Nilipokuwa mtoto pale mtaa wa Mowlem, Nairobi, vitu viwili vilikuwa havinyooshewi kidole: boga changa na mlima. Boga ukilinyooshea kidole, litaoza kabla ya kukomaa. Mlima ukiunyooshea, kinachoharibika ni kidole chenyewe. Kinapinda na kubaki hivyo mpaka siku utakapokwenda kuomba msamaha. Sheria hizo zililetwa nyumbani na cucu, mama yake baba, aliyetoka Murang'a kuja kukaa nasi ili goti lake litazamwe na madaktari wa mjini. Maboga hatukuwa nayo, maana tuliishi orofa ya nne na shamba letu lilikuwa sufuria kuukuu lenye vitunguu vya majani. Kwa hiyo kosa lililobaki la kufanya lilikuwa moja tu.

Mlima wenyewe tuliuona kutoka juu ya paa, penye matangi ya maji na kamba za nguo. Cucu alikuwa mtu wa kanisa, hakukosa ibada wala kitambaa chake cheupe cha kichwani, lakini kila asubuhi kabla ya chai alipanda hadi juu kuomba akiwa ameuelekea Mlima Kenya, makao ya Mungu, kama mama yake alivyomfundisha. Mimi nilikuwa mkongojo wake. Alinishika mkono, tukapanda polepole, goti likilalamika kila ngazi na yeye akilijibu.

Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu. Siku ya kwanza ilibidi amuulize Wafula, keateka, yaani mtunzaji wa ploti yetu, mlima uko upande gani. Wafula alikuwa kijana mgeni mjini, ametoka Bungoma majuzi tu, na alilelewa kujua kwamba mzee hajibiwi "sijui." Akatazama huku na huku, akaona mgongo wa buluu ule kule nyuma ya mtaa wa Komarock, akauelekeza kwa mpini wa ufagio.

"Ni ule, mama."

Cucu alimsifu sana kwa kutumia ufagio badala ya kidole. "Huyo ana wazazi," aliniambia tukishuka.

Rafiki yangu Achieng, wa orofa ya pili, hakuwa na subira na mambo hayo. Watu wao walitoka Siaya. "Sisi kwetu tuna ziwa," alisema, "na tunalinyooshea kila kitu." Alhamisi moja jioni tulikuwa juu ya paa tukianua nguo, akaniuliza mlima wetu ni upi hasa. Nikamwonyesha kwa kidevu.

"Hapo ni kwa tangi."

Nikakunja ngumi, kama cucu alivyoturuhusu, nikaielekeza.

"Bana, hiyo ngumi inaonyesha kila kitu kutoka hapa mpaka Dandora. Onyesha vizuri, ama hakuna mlima."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilizaliwa nazo. Kusema kweli sikumbuki kukiruhusu kidole. Kilijiendea chenyewe, chote, kimenyooka kama rula. "Ule!" nikasema. Kisha sote wawili tukakitazama. Hakikupinda. Achieng akacheka mpaka akaangusha shuka la mama yake.

Kabla ya giza tulishuka uwanjani kucheza kati, mchezo wa kumlenga kwa mpira aliye katikati. Mpira wetu ulikuwa wa soksi zilizoshindiliwa karatasi za nailoni, mgumu kama kiazi, na Achieng alikuwa na mkono mkali kuliko wote mtaani. Alirusha, nikaudaka vibaya, ukagonga ncha ya kidole kilekile. Nilipokitazama, ncha ilikuwa imeinama ikitazama chini, na nilipoiambia inyooke, ilikataa.

Achieng alikuja mbio. Alikitazama kidole, akatazama upande wa Komarock, akanong'ona, "Maze, huo mlima wenu uko fasta."

Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi watoto wa shule ya Jumapili, mimi na Achieng tukiwemo, walikuwa wanapelekwa kuupanda mlima uleule. Mwalimu alikuwa ameuita Kilimambogo, lakini mtaani kwetu kila mtu alikuwa na jina la kanisani na jina la mtaani, sikuona ajabu mlima nao kuwa na mawili. Ilikuwa bahati yangu pekee ya kufika kuomba msamaha. Lakini mama alikuwa na sheria yake, isiyohitaji milima: mtoto mwenye maumivu yoyote hapandi basi la kanisa. Akikiona kidole, nitabaki nyumbani. Nikibaki nyumbani, kitabaki hivyo maisha yangu yote. Nilijiona nikiwa mwanamke mzima, nimesimama buchani, ninanyoosha kidole kwenye mbavu na muuzaji ananikatia kwato.

Mama nilimkwepa. Cucu hakukwepeka, maana asubuhi alinishika mkono kama kawaida, tukapanda ngazi kidogo, akasimama. Vidole vyake vilikipapasa changu mpaka mwisho.

"Hiki kinaangalia wapi?"

Nikaanza kulia.

"Uliunyooshea?"

"Kidogo, cucu."

"Kidogo ni nini? Nusu ya kidole?"

Nilingoja kofi. Badala yake aliketi kwenye ngazi, akainamisha uso, na nikaona mabega yakitikisika. Nilidhani ananililia. Leo nikikumbuka nafahamu kwamba alikuwa anacheka, na sidhani kicheko chenyewe kilikuwa cha ukatili. Alikuwa ameonya watoto, kisha wajukuu, tangu ujana wake bila mtu kumsikiliza, na sasa mlima umemtetea mbele ya macho yake. Alichana ukingo wa leso yake, akakifunga kidole pamoja na kijiti cha aiskrimu, akanipangusa kamasi.

"Jumamosi tunaenda wote," alisema. "Kesi ya mtoto haisikizwi bila mzee wake."

Jioni hiyo mama alirudi kutoka soko la Gikomba amechoka, akaniona nikimega ugali kwa mkono wa kushoto. "Na wewe, tabia gani hiyo?"

"Mwache," cucu akasema bila kuinua uso kwenye sahani. "Ule mwingine unajiandaa na safari."

Mama alimtazama mama mkwe wake, akanitazama mimi na mkono wangu chini ya meza, akaongeza mboga ya sukuma kwenye sahani yangu.

Jumamosi cucu alikalia kiti cha mbele kabisa cha basi, kitambaa cheupe kichwani, thamosi ya uji mapajani na mfuko wa viazi vitamu vilivyochemshwa. Alisema huwezi kwenda kuomba radhi mikono mitupu. Tulifika langoni, akaja askari wa wanyama mwenye bunduki na tabasamu.

"Karibuni Kilimambogo."

"Asante," cucu akajibu. "Na Mlima Kenya tunaupandia wapi?"

Askari alidhani ni mzaha. "Mlima Kenya, cucu? Huo uko mbali, kule juu. Hapa ni kwa nyati tu."

Achieng alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisani. Mimi mwanzoni nilifurahi kupita kiasi. Kama huu si mlima wenyewe, basi kidole changu hakina hatia! Nikamwambia cucu hivyo, nikiruka.

"Na kimepinda kwa nini?" akauliza.

Yeye mwenyewe alifikiri kidogo, akapata jibu. "Huu ni mdogo wake. Mdogo siku zote ndiye mwenye hasira za haraka." Kisha akageuka upande, na nikamsikia akisema polepole, kama anayejisemea, "Asubuhi zote zile. Nikiomba kwa nyati." Furaha yangu ikaisha hapohapo. Nilimwonea huruma iliyoniuma kuliko kidole.

Pikapu ya chakula ilimpandisha cucu, ameketi katikati ya masufuria. Sisi tulipanda kwa miguu. Kila kona niliikunjia ngumi na kusema samahani, na kwa kuwa sikujua ni jiwe gani hasa lililokasirika, niliyaomba radhi yote, pamoja na kinyesi kikubwa cha nyati kilichokuwa katikati ya njia. Achieng alijidai kuchoka na ujinga wangu, lakini nilimsikia nyuma yangu akisema samahani mara mbili. Mpira ulikuwa wake, hata hivyo.

Tulipofika kileleni, cucu alikuwa ameketi kwenye kigoda akinywa uji, mnyonge. Mawingu yalikuwa yamefunika pande zote. Kisha upepo ukavuma, na askari akaita, "Cucu, leo una bahati! Mlima Kenya umefunguka."

Sote tuligeuka. Kule mbali, juu ya mawingu, kulikuwa na ncha nyeusi zenye weupe mabegani. Sikuhitaji kuambiwa. Ulikuwa haufanani kabisa na ule mgongo wa buluu wa Komarock, na nikafahamu kwa nini watu walioishi chini yake walifundisha watoto wao adabu.

Cucu alikuwa amesimama kwa haraka, uji ukimwagika, akielekea upande usio wake, akitazama Nairobi. "Uko wapi?"

"Kulia kwako, cucu," askari akasema, akionyesha kwa kidevu. Cucu akageuka kupita kiasi. Watoto, waliokuwa wameniona njiani, wakakunja ngumi zao, kumi, ishirini, kila moja na njia yake. Cucu alitazama ngumi hizo akachanganyikiwa zaidi.

"Wambui," akaniita. "Nionyeshe na kidole."

"Kitapinda, cucu!"

"Si kimeshapinda? Kitapinda mara ngapi?"

Alikifungua kitambaa mwenyewe. Niliinua mkono, lakini ncha ilikuwa inatazama chini, ikawa inawaonyesha mchwa. Ikabidi niinue mkono wote juu ya kichwa mpaka ile ncha ielekee mlima sawasawa. Cucu akaweka shavu lake kwenye mkono wangu, kama fundi anayetazama ubao kama umenyooka, akakaa hivyo muda mrefu. Alinukia uji na mafuta ya nazi.

"Nauona," akasema.

Akaomba kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini. Nilisikia goti likitajwa, na mimi, na jina la Wafula, ambaye aliombewa asamehewe.

Jioni hiyo mama alikishika kidole akakikanda, na ikawa wazi alikijua tangu ule ugali. Alijua na habari ya mlima pia. "Nilijua tangu wiki ya kwanza," aliniambia jikoni. "Lakini alikuwa anashuka kule juu amefurahi. Kwani Mungu anakaa upande mmoja?" Cucu hakuacha kupanda paa. Kila asubuhi aliuelekea kwanza mlima wenyewe, uliofichwa na ghorofa la jirani, kisha akamgeukia Kilimambogo kwa dakika chache. Alisema ni kwa sababu ya ujirani.

Miaka mingi baadaye daktari aliniambia ni ukano uliokatika, ambao kama ungefungwa vizuri mapema ungepona. Sikubishana naye. Ncha bado imeinama, na buchani huwa natumia kidevu.

Cucu alishatutoka. Mimi wikendi huwa napanda milima na wenzangu wa kazini, na watu wakiniuliza nani alinitia moyo huo, huwa siwezi kueleza kwa kifupi. Mwaka jana tulifika Lenana, kilele kimoja cha Mlima Kenya, jua likichomoza. Wenzangu walipiga picha wakinyoosha vidole kila upande bila woga. Kiongozi wetu akaniambia nitazame kusini, kule chini kabisa, kile kidoa cha buluu. "Ule ni Kilimambogo. Umeuona?"

Nilikunja ngumi kwanza, maana yule ana hasira za haraka. Kisha nikajaribu kutazama, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi, na sikuona kidoa, wala kusini, wala chochote. Nilikumbuka shavu lake kwenye mkono wangu.

"Nauona," nikamjibu.